Shorobo Havuki Mabati

Anga ya Pumwani ina wenyewe. Kabla marobota ya mitumba hayajafunguliwa katika soko la Gikomba, mwewe wameshaanza kuzunguka juu ya mabanda ya samaki, mikia yao ikipindapinda kusaka upepo. Kunguru wenye vifua vyeupe wamejipanga kwenye nyaya za stima wakisubiri matumbo na vichwa vitupwe. Chini, ukingoni mwa mto Nairobi, korongo marabu, yule mwenye kipara na mfuko wa ngozi shingoni, anapita juu ya takataka akidonoa hapa na pale. Wote hawa wanaishi kwa kile tunachokitupa. Rangi zao ni nyeusi, nyeupe, kahawia na kijivu, na hakuna mtu wa Majengo, mtaa wa hapa Pumwani, anayeinua kichwa kuwatazama.

Ndege niliyetoka kumtafuta hagusi jalala. Chakula chake ni matunda, makao yake ni vilele vya miti, na makazi yake ya karibu hayafiki kilomita tano kutoka Msikiti wa Riyadha wa mtaa huo. Wataalamu humwita shorobo wa Hartlaub.

Juni ni mwezi wa baridi Nairobi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umetanda mpaka Kamukunji, na wazee wa barazani, karibu na Barabara ya Digo, walikuwa wamevaa makoti juu ya kanzu. Muuza kahawa alikuwa ameshalitua dele lake, makaa yakiwaka chini yake, huku akigonganisha vikombe mkononi ili walio ndani wajue amefika. Nilichukua kahawa chungu na kashata, nikamwamkia mzee aliyekaa kwenye ukingo wa baraza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo darubini ni ya nini? Ama nyinyi ndio wapimaji?"

Wenziwe wakacheka, lakini si wote. Mtaa huu umepimwa mara nyingi, na aghalabu baada ya kipimo huja tingatinga. Nikamwambia haraka kwamba natafuta ndege tu: mgongo na kifua vya kijani, mkia wa buluu iliyoiva, na nyekundu iliyofichwa ndani ya mbawa.

"Kulukulu!" akasema. "Kwetu Kwale wapo. Ukipita karibu na msitu wa kaya utamsikia kabla hujamwona. Tukiwa watoto tulipelekwa huko likizo, tukawa tunamwinda kwa manati na hatumpati. Sasa wewe huku Nairobi utampata wapi?"

"City Park, mzee."

"City Park hii ya makaburi?"

"Hiyo hiyo."

Akanitazama kama anayeamua iwapo ajibu. "Mimi nimezaliwa hapa Pumwani, nimeoa hapa, nimezika wazazi hapa. Kulukulu wa Nairobi sijamwona."

Kulukulu wake wa Kwale ni ndugu wa huyu wa kwangu. Yule wa Pwani ni shorobo wa Fischer, mwenye wekundu kichwani, anayeishi Shimba Hills na Arabuko-Sokoke. Huyu wa Nairobi ana kichwa cheusi chenye mng'ao wa buluu. Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyesafiri nchi ya Wamaasai miaka ya 1882 na 1883 akafika hadi Naivasha. Ni yeye na mwenzake Anton Reichenow waliomwandika huyu wa nyanda za juu katika vitabu vya sayansi mwaka 1884, wakampa jina la Gustav Hartlaub, daktari wa Bremen aliyekuwa bingwa wa ndege wa Afrika. Ndege mwenyewe hana habari na mabwana hao. Amekuwa katika milima ya Kenya, kaskazini mwa Tanzania na mashariki mwa Uganda tangu kabla hakujaitwa Kenya.

Mwenzangu wa safari alinisubiri Gikomba. Ni kijana mchongaji, mmoja wa Wakamba ambao kazi yao ya vinyago imeufanya upande huu wa mji ujulikane na watalii kwa miaka mingi. Banda lake linanuka unga wa mbao na rangi ya viatu, ambayo hupakwa kwenye vinyago ili ving'ae. Rafuni palikuwa na twiga, vifaru, na safu ya ndege wa mguu mmoja. Nilimuuliza ni ndege gani.

"Hawa ni heroe, mwalimu. Wale kule ni korongo wa taji. Mteja hataki ndege mwingine."

"Umewahi kuwaona walio hai?"

"Kwa picha."

Gogo lililokuwa mbele yake lilikuwa muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri ambao Wakamba wameuchonga kwa vizazi. Muhugu ni mmoja wa miti mikuu ya msitu wa asili wa Nairobi, ule uliobaki Karura na City Park. Basi kijana huyu ameshika mikononi kila siku mti ambao juu yake shorobo hupita, wala hajawahi kuuona ukiwa na majani. Akafunga banda, akamwachia jirani ufunguo, tukaondoka.

Safari ya kwenda City Park kwa miguu ni somo la mipango miji kwa mtu anayetazama miti. Pumwani yenyewe ilipangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika. Waliohamishiwa hapa walitoka katika vijiji vyao vilivyobomolewa, Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini, na Pangani nacho kikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930. Walijenga kwa mtindo wa Pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Viwanja vilikatwa vidogo, nyumba zikabanana, na kila nafasi iliyobaki baadaye ikazibwa na chumba cha kupangisha. Mti ungemea wapi? Tulipita mpapai uani kwa mtu, mparachichi mmoja uliochongoka kutafuta jua, kisha mabati, na mabati tena.

Kariokor, penye jina lililobaki kutoka kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake walikuwa wakisuka vyondo na moshi wa nyama choma ukianza kupanda. Hapo pana miti michache ya barabarani, na juu yake tuliona kuzumburu, wale ndege wa kijivu wenye mikia mirefu, wakining'inia kwa kundi. Kijana aliwaonyesha kidole mwenyewe. Pangani tukaishika Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ambayo zamani iliitwa Forest Road. Ni haki barabara hii iwe na jina lake. Profesa Maathai ndiye aliyesimama mbele ya walinzi waliokodiwa Karura, Januari 1999, akapigwa hadi akatoka damu kichwani, kwa sababu alitaka kupanda mche kwenye msitu uliokuwa ukigawiwa wajenzi.

Baada ya makaburi ya kando ya barabara hiyo, mji unabadilika ghafla. Matawi yanakutana juu ya barabara, hewa inakuwa na unyevu, na kelele za matatu zinafifia nyuma ya majani. Tulikuwa tumetembea muda usiotosha hata kuchosha miguu.

City Park ilitengwa kuwa bustani ya umma zama za ukoloni, ikamegwa baadaye na watu wenye nguvu, na leo imebaki karibu hekta 60. Langoni kuna wauza njugu, na kima wanaojua mfuko upi una njugu kabla mwenye mfuko hajautia mkono. Ndani kuna kaburi la mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927 akapigwa risasi Februari 24, 1965, na karibu naye Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Murumbi alitaka azikwe karibu na rafiki yake, na makaburi haya yamewasaidia watetezi wa bustani kuidai kila ilipotaka kunyakuliwa. Ng'ambo ya makaburi ndiko kuliko na msitu wenyewe: muhugu, mikinduri, na mikuyu yenye mizizi minene kuliko kiuno cha mtu.

Kijana aliusimamia muhugu wa kwanza akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akaweka sikio. "Huu umekomaa," akasema. Kisha akatazama juu, kwa mara ya kwanza nadhani, aone unaishia wapi.

Shorobo hatafutwi kwa macho. Unakaa kimya chini ya mti wenye matunda, unasubiri sauti. Tulichagua mkuyu uliokuwa umeiva, tini zake ndogo zimetapakaa chini, nyingine zikiwa na alama za meno ya kima. Ndege wa kwanza kufika walikuwa shore, kisha njiwa. Halafu, kutoka upande wa bonde, ikaja sauti nzito ya kukwaruza, kraa-kraa-kraa, ikapanda kasi ikakatika. Mwingine akaijibu kutoka juu ya vichwa vyetu. Kumbe tulikuwa naye muda wote.

Kijana ndiye aliyemwona. Macho ya mchongaji hutafuta umbo, nami nilikuwa nikitafuta rangi. Na rangi ya shorobo aliyetulia ndiyo majani yenyewe. "Pale, mwalimu. Tawi la pili, kushoto kwa kile kifundo. Linatembea."

Lilikuwa likitembea kweli. Shorobo haruki kutoka tawi hadi tawi ilivyo kawaida ya ndege wengine. Anakimbia juu ya tawi, anapinda, anadunda hadi tawi la juu, anakimbia tena. Miguu yake imeumbwa kwa kazi hiyo: kidole cha nje kinaweza kugeuzwa mbele au nyuma, akashika popote. Alipofika mwisho wa tawi akasimama waziwazi, nami nikamweka ndani ya darubini.

Urefu wake, mkia ukihesabiwa, unapita kidogo sentimita 40. Kichwani ana kishungi kinene cheusi chenye mng'ao wa buluu, ambacho alikiinua na kukilaza kila aliposikia kima. Jicho limezungukwa na ngozi nyekundu isiyo na unyoya. Mbele ya jicho pana doa jeupe la mviringo, na chini yake mstari mweupe mwembamba unaorudi nyuma. Shingo, kifua na mgongo wa juu ni kijani kibichi, laini, kisichometameta. Alinyoosha shingo, akachuma tini, akairusha kidogo mdomoni na kuimeza nzima. Akachuma nyingine. Mbegu za tini hizo zitapita tumboni mwake zitoke salama mahali pengine, juu ya tawi au ufa wa ukuta, na hivyo ndivyo mikuyu mingi inavyozaliwa.

Kisha kima akatikisa tawi, na shorobo akaruka.

Yeyote aliyewahi kufungua koti zee la kijani Gikomba akakuta bitana ya hariri nyekundu ataelewa kilichotokea. Mbawa zilifunguka, na manyoya makubwa yote, ambayo dakika nzima yalikuwa yamekunjwa chini ya kijani, yakawa mekundu, mekundu ya damu, jua likipenya ndani yake. Alipiga mbawa mara chache, akaelea mpaka mti wa pili, akatua, akazikunja. Nyekundu ikaisha.

Kijana alikaa kimya kidogo. Halafu akasema jambo la mtu wa biashara: "Akikaa ni kijani, akiruka ni mwekundu. Sasa mteja nitamchongea yupi?"

Rangi hizo mbili si za kawaida. Kwa ndege wengi, kijani hasa hakimo ndani ya unyoya. Unyoya una rangi ya manjano, na umbo lake dogo dogo lisiloonekana kwa macho huirudisha nuru kwa namna inayotufanya tuone kijani. Shorobo ana rangi ya kijani yenyewe, kama vile mpaka rangi alivyo na kopo lake. Na nyekundu yake ni rangi nyingine tena, ambayo mwanakemia Mwingereza Arthur Church aliichunguza akaitangaza mwaka 1869 kwa jina la turasini. Alipoichanganua alikuta ndani yake shaba, madini yale yale yanayotengenezewa nyaya na madele. Kijani nacho kina shaba. Ndege huikusanya kidogo kidogo kutoka kwenye chakula chake. Hakuna ndege nje ya jamii hii anayejulikana kuwa na turasini, na jamii yote ya shorobo haipo popote duniani ila Afrika, kusini mwa Sahara. Huko Eswatini manyoya mekundu ya jamaa yake huvaliwa na watu wa ukoo wa kifalme.

Nilimweleza kijana habari za shaba. Jua kali ya Kamukunji inaanzia mita chache kutoka kwenye banda lake, na maisha yake yote ameamka kwa sauti ya nyundo juu ya chuma. Akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Kama anaishi hapa, na anaruka, mbona hafiki kwetu?"

Jibu lake ni hili, na ndilo lililonifanya niiandike safari hii. Shorobo ni mkimbiaji hodari wa matawini na mrukaji dhaifu. Mbawa zake ni fupi na za mviringo. Zinamtosha kuelea kutoka kilele kimoja hadi kingine, hazimfai kuvuka uwanda. Anapohama kufuata matunda hufuata miti, mmoja baada ya mwingine. Pakatwe miti kwa nafasi ya mitaa michache, paezekwe mabati, na kwake huo ni ukuta. Mwewe anaona Gikomba ni meza iliyoandaliwa. Shorobo anaona ni jangwa.

Kwa hiyo ukichukua ramani ya Nairobi ukatia alama kila mahali shorobo anapoonekana, yaani Karura, City Park, Arboretum, bustani za Muthaiga na za Lavington, utakuwa umechora, bila kukusudia, ramani ya mji wa wakoloni. Upande wa magharibi na kaskazini ulipewa viwanja vikubwa na ukaachiwa miti. Upande wa mashariki ulipewa vyumba na mfereji wa maji wa kuchangia. Mipaka ya rangi za watu haimo tena katika sheria, lakini ndege bado anaitii, kwa sababu yeye hafuati sheria, anafuata mikuyu. Watoto wasiohesabika wa Nairobi walizaliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, na wengi wao wamekua, wamezeeka, bila kujua kwamba mji wao una ndege wa kijani mwenye mbawa nyekundu. Si kwamba hawapendi ndege. Mji ulipangwa hivyo kwamba ndege asiwafikie.

Wapo wanaowapeleka watu kwa ndege. Tangu 1971, kila Jumatano asubuhi, kundi hukutana Makumbusho ya Taifa kwenda kutazama ndege. Matembezi hayo yalianzishwa na Fleur Ng'weno na huendeshwa chini ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake inafika mwaka 1909. Mgeni hupokewa, asiye na darubini huazimwa jicho la mwenzake. Lakini Jumatano asubuhi mchongaji yuko kazini. Njia nyingine ni kumleta ndege kwa watu, na njia hiyo ipo tayari. Inapita nyuma ya Gikomba, imejaa taka, na jina lake ni mto Nairobi.

Tulirudi kwa kuufuata mto huo. Kijito cha Kirichwa Kubwa kinapita kando ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, kisha kinaungana na mto Nairobi karibu na Museum Hill. Kutoka hapo mto unapita Bustani ya Michuki, mahali palipokuwa jaa la taka na maficho ya wezi mpaka pakasafishwa na kupandwa miti. Tulipumzika pale. Palikuwa na chozi wawili wakinyonya maua, na kwarara akilalamika juu ya nyasi. Baada ya Michuki, kingo zinaanza kuvaa mabati, na tulipofika Gikomba maji yalikuwa meusi na miti imekwisha. Kipande hicho ndicho kinachokosekana katika mnyororo wa miti.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwasomba watu na nyumba kandokando ya mito ya Nairobi. Serikali ikaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga zikashuka katika mitaa ya mabanda. Machungu ya waliobomolewa bila mahali pa kwenda hayafutwi na hoja ya miti, na asiyewalipa fidia asijisifu kwa kupanda maua. Lakini ukanda ule, mahali ulipobaki wazi, utajazwa na kitu. Unaweza kujazwa na vibanda vipya vya wenye kujuana na wakubwa. Unaweza kumwagiwa saruji na kuwekwa mabenchi. Au unaweza kupandwa mikuyu, mti unaopenda maji, unaoshika kingo zisibomoke, na unaozaa matunda kwa zamu, huu ukiisha ule ukianza, mwaka mzima.

Kijana aliniuliza mkuyu huchukua muda gani kuzaa. Nikamwambia ni miaka kadhaa, na kwamba unakua upesi kuliko muhugu. Alipiga hesabu kichwani, akalitazama daraja, na jaa, na mwewe waliokuwa wakishuka. "Basi wapande kuanzia Michuki waje nao huku," akasema. "Wasianze hapa katikati, itakuwa kazi bure. Atapitia wapi?"

Sijasikia mhandisi wa mto aliyeeleza kazi hiyo vizuri kuliko hivyo. Ripoti za kusafisha mto Nairobi zimeandikwa nyingi, na kila moja ina picha za viongozi wakishika majembe. Kipimo cha kweli hakihitaji picha. Siku watu wa Majengo watakapobishana barazani kama kelele iliyowaamsha ni ya kunguru au ya kulukulu, tutajua kwamba miti ilipandwa, ikamwagiliwa, na haikukatwa.